TAHADHARI: Anayeuza "antena ya kuvuta waifai" hapa Ngamiani, Tanga, amenila shilingi 120,000

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Tanga. Ninaandika haya nikiwa na hasira iliyoninyima usingizi kwa siku nne, na nikiwa na aibu pia, kwa sababu mimi ndiye ambaye kila siku huwaonya vijana wanaokuja kwangu wasimpe mtu yeyote nywila zao, kisha nikaiandika nywila yangu kwa mkono wangu mwenyewe na kumkabidhi mwizi.

Mnaonifahamu mnajua kwamba kwenye chumba cha uani ninawasaidia vijana kujaza maombi yao kwenye mtandao. Ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, ipo sebuleni kwa kaka, mimi nipo nyuma, na kati yetu kuna kuta mbili nene za mawe pamoja na friji. Kompyuta yangu mpakato ilikuwa ikipata mstari mmoja wa waifai, au miwili nikibahatika. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ulipofika, vijana walikuwa wakikaa mkekani saa nzima wakisubiri cheti kimoja cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kipakiwe kwenye mfumo wa maombi, na kila kikifika katikati mtandao unakatika, tunaanza upya. Binti mmoja alilia mbele yangu. Siku hiyo hiyo, baada ya swala ya alasiri, nikabeba kompyuta na kwenda kwa fundi.

Msiniulize kwa nini nilimwamini, maana ningekuwa mjinga zaidi kutomwamini kwa niliyokuwa nikiyajua wakati ule. Huyu si wa waja leo waondoka leo, ni kijana aliyekulia mitaa hii hii, na marehemu mjomba wangu alikuwa akinunua vocha kwake. Simu ya dada aliitengeneza kwa 5,000 na hadi leo inachaji vizuri. Aliponiona alisimama, akanipa shikamoo, akafuta benchi kwa kitambaa kabla sijaketi, akamwita muuza kahawa animiminie kikombe. Mtu wa namna hiyo unamshuku kwa lipi?

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa chini ya meza ya kioo kisanduku cheusi kilichoandikwa "5G" na "1200" kwa herufi kubwa. Ndani yake mlikuwa na kifaa cha kuchomeka kwenye tundu la USB, chenye antena mbili ndefu. Nilikishika mkononi nikaona kizito, na uzito ule ulinipa imani. Akasema, "Mama, hii ni teknolojia mpya, inapenya ukuta wowote. Niandikie jina la waifai ya nyumbani na nywila yake, niifundishe antena iitambue." Nikageuza risiti ya duka la dawa iliyokuwa kwenye mkoba wangu, nikaandika "Nyumba ya Bibi", na chini yake nywila, herufi kwa herufi. Aliichukua risiti, akanigeuzia mgongo, akasema anatafuta waya. Aliinama pale kwa dakika mbili hivi, na nilikiona kidole gumba chake kikienda mbio juu ya simu. Nilidhani anamjibu mteja. Kisha simu ile akailaza kifudifudi kando ya kopo la skrubu na kuifunika kwa kitambaa kile kile alichonifutia benchi.

Akachomeka kifaa. Taa ya buluu ikawaka. Kwenye kompyuta yangu likatokea jina "Nyumba ya Bibi", ikajiunga yenyewe, na mistari yote ikajaa. Nyumba yangu iko mbali na kibanda kile, ni mwendo wa robo saa kwa miguu, na waifai yangu ilikuwa inasomeka pale kama vile nimekaa juu ya ruta! Nilifungua ukurasa mmoja kwa mkono wangu ukafunguka kabla sijavuta pumzi. Wazee waliokuwa wakinywa kahawa wakasema mashaallah. Nilimuuliza, "Hata kutoka huku?" Akanijibu kwa adabu zote, "Mama, hata ungekuwa mbali kule Pongwe." Nikahesabu 85,000, nikamwongezea 2,000 ya soda, na nikamwombea dua kwa sauti. Dua hiyo ndiyo inayoniuma kuliko fedha.

Nyumbani mstari ulikuwa mmoja. Jumatatu nikarudi, akasema kifaa kinataka draiva ya kulipia, yaani programu ya kukiendesha, akafungua mgongo wa kompyuta akiwa amenipa kisogo, akafunga, akachukua 35,000. Tangu siku hiyo hata ule mstari mmoja ukawa unaonekana na kupotea.

Mpwa wangu aliporudi kutoka Dar ndiye aliyekipasua kifaa kwa kisu cha jikoni. Antena zile ni plastiki tupu, ndani hamna hata uzi wa waya. Kwenye kitako mna kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi ili kiwe kizito mkononi, na kitaa cha buluu kinachopata umeme kutoka kwenye USB. Basi. Hakuna kingine chochote. Akafungua na mgongo wa kompyuta, akanionyesha kadi ya waifai, ndogo kama kidole, ambayo huingia waya mbili nyembamba zinazokwenda kwenye antena zilizofichwa pembeni mwa kioo. Waya mweusi ulikuwa umechomoka na kusukumwa pembeni. Aliukandamiza kwa ncha ya kidole ukalia "tik". Kompyuta haijawahi kuanguka, na kabla ya Jumatatu ile haijawahi kufunguliwa na mtu, kwa hiyo hakuna atakayeniambia kwamba waya ule ulijichomoa.

Nikamuuliza mpwa, na ile mistari iliyojaa kule kibandani? Hakunijibu. Alichukua simu yake, akaingia sehemu ya kugawa intaneti, akaipa jina "Nyumba ya Bibi", akaweka nywila yangu, na akazima ruta ya kaka. Kompyuta yangu ikajiunga yenyewe, mistari yote ikajaa, ikidhani ipo nyumbani kama kawaida. Kumbe kompyuta hulitambua jina na nywila tu, haijui nani anayezitumia. Kilichokuwa chini ya kitambaa kile ilikuwa simu ya mwizi, nusu mita kutoka kwenye kompyuta yangu. Mikono ilinitetemeka.

Ninataka akamatwe. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka saba, nami sitakubali suluhu ya barazani ya "msamehe, ni mtoto wetu". Kama ni mtoto wetu, mbona alimtendea hivi mtu wa umri wa mama yake, huku akijua kuna vijana ambao dirisha la maombi linawafungia? Arudishe fedha za kila aliyemuuzia, kisha aende mbele ya hakimu. Jina lake sitaliandika hapa kwa kuwa jarada limefunguliwa na sitaki aseme nimemchafua kabla ya shauri, lakini Ngamiani mnamjua.

Nimeulizwa dalili ni zipi. Kisanduku hakina jina la mtengenezaji wala namba ya modeli. Anakuomba nywila ya nyumbani wakati hamna haja nayo. Majaribio anataka yafanyike kwake na si kwako, wakati waifai ya kawaida ya nyumbani ikishapita kuta chache huwa imekwisha nguvu, na hakuna antena ndogo kama ile ya kuchomeka kwenye kompyuta itakayoivuta mtaa kwa mtaa. Na ile "5G" aliyoisifu ni masafa ya gigahezi 5 ya waifai, wala si mtandao mpya wa simu, na masafa hayo hupenya ukuta kwa shida kuliko yale ya gigahezi 2.4, yaani alinisifia kinyume kabisa cha tatizo langu! Mtu anayeweza kusema uwongo wa namna hiyo huku akikumiminia kahawa anastahili kufungiwa kibanda leo, si kesho, na Tume ya Ushindani, inayoshughulikia bidhaa bandia, ifike ikague kila kisanduku chini ya ile meza ya kioo.

Shida yenyewe iliisha bila gharama. Ruta iliyokuwa nyuma ya friji tumeipandisha juu ya mlango wa ukumbini, kompyuta tumeiunganisha kwenye 2.4, na sasa nikiwa uani ninapata mistari mitatu. Nywila tumeibadilisha usiku ule ule. Cheti cha yule binti kilipanda mara moja, na fomu yake imekwenda.

Aliyeuziwa kifaa hiki asikitupe wala asikirudishe kibandani kwa ahadi ya kubadilishiwa, maana ndicho kielelezo. Changu kipo kwenye bahasha ya kaki pamoja na kisanduku chake na ujumbe wa muamala wa zile 35,000 nilizolipa kwa simu. Tupo watatu hadi sasa, na Jumatano saa tatu asubuhi tunakwenda kituoni pamoja. Aliye tayari kuandikisha maelezo anifuate nyumbani kabla ya siku hiyo, mlango wa uani uko wazi.