Jigokudani: nyota nne kwa bustani ya kima wa theluji

Picha za Jigokudani zinafanana zote: kima mwenye uso mwekundu, amezama hadi shingoni kwenye maji ya moto, theluji imemtua kichwani, macho kayafumba. Picha hiyo ni ya kweli. Lakini anayeifuata hiyo tu atasimama ukingoni mwa bwawa dakika ishirini akisukumana mabega na watalii wenzake, kisha atageuza akidhani ameona. Uhondo wenyewe uko pembeni, kwenye mawe ya mto Yokoyu, ambako ukoo mzima wa kima unaendesha maisha yake hatua chache kutoka miguuni pa mgeni, bila wavu wala kizimba.

Tuanze na njia, maana ndiyo inayowaangusha wengi. Bustani iko Yamanouchi, mkoa wa Nagano, Japani, mita 850 juu ya usawa wa bahari. Kutoka stesheni ya Nagano kuna basi la moja kwa moja hadi kituo cha Snow Monkey Park, mwendo wa dakika 40 na ushee, au treni ya Nagano Dentetsu hadi Yudanaka na basi jingine kutoka hapo. Gari haliingii bustanini. Unapanda barabara kidogo, kisha unashika njia ya msituni ya kilomita 1.6 kati ya miti mirefu ya sugi, na mwisho kuna ngazi. Kwa jumla tenga dakika 40. Njia haina mlima mkali, ila theluji iliyokanyagwa na mamia ya watu hugeuka barafu, na raba za mjini huteleza hapo kama ziko kwenye kigae chenye sabuni. Vaa buti zenye soli ya meno, au uvalishe juu ya kiatu mikanda yenye meno ya chuma. Kigari cha mtoto hakifai, mtoto abebwe. Mwenye kiti cha magurudumu hawezi kufika, na hilo ni pungufu la kweli la mahali hapa.

Aprili hadi Oktoba hufunguliwa saa 2:30 asubuhi hadi saa 11 jioni. Novemba hadi Machi, saa 3 asubuhi hadi saa 10 alasiri. Kiingilio kimekuwa yeni 800 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, lakini kihakikishe kwenye tovuti yao. Huko huko kuna kamera ya moja kwa moja, nayo itakuepusha na hasara kubwa kuliko zote: kufika na kukuta bwawa tupu.

Hilo hutokea, na lina sababu. Kima hawa ni wa porini. Hulala milimani na hushuka bondeni kwa hiari yao, hasa kwa sababu wahudumu huwamwagia chakula kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, shayiri ikiwa ndicho kikuu. Vuli ya huko, Septemba hadi Novemba, ndiyo hatari zaidi: msitu una matunda na mbegu tele, tena ndio msimu wa kupandana, kwa hiyo kundi laweza kupotelea milimani siku nzima. Kiangazi cha huko, Julai na Agosti, wapo, lakini hakuna kima mzima atakayekaa kwenye maji ya nyuzi 40 jua likiwaka. Watakaoingia ni watoto, kuchezea tu. Anayetaka bwawa aende Januari au Februari, afike mlango unapofunguliwa, kabla ya mabasi ya watalii. Anayetaka kujifunza tabia zao, ushauri wangu ni Mei au Juni. Ni msimu wa uzazi, vichanga vimeng'ang'ania matumbo ya mama zao, barafu imeisha na wageni ni wachache.

Kima wa Kijapani ni mmoja wa makaki, jamii yenye spishi zaidi ya 20, karibu zote za Asia. Afrika tunaye mmoja tu, wa milima ya Morocco na Algeria. Huyu wa Japani amefika kaskazini kuliko kima au sokwe yeyote, hadi rasi ya Shimokita, ncha ya kaskazini ya kisiwa kikuu cha Japani. Mambo yao yote huzunguka ukoo wa mama. Dume akikua huhama kundi. Jike hubaki na hurithi cheo cha mama yake. Tena kati ya madada, kwa kawaida mdogo humpita mkubwa, kwa sababu mama humkingia kifua kitindamimba.

Hayo yanaonekana kwa macho. Shayiri inapomwagwa, usimtazame anayekula, mtazame anayengoja. Jike mzee ataketi katikati ya punje, azidonoe moja moja kwa kidole gumba na cha shahada kutoka kwenye nyufa za mawe, na wenzake watamzunguka kwa mbali wakijifanya hawaoni. Akigeuza shingo tu, wanatawanyika. Na bwawani ni hivyo hivyo: utafiti wa majike 12 wa hapa, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta wenye vyeo vya juu hukaa majini muda mrefu zaidi, na kwamba siku za kuoga kiwango cha homoni za msongo hushuka. Wa cheo cha chini husubiri kwenye baridi.

Kuchambuana manyoya nako kuna kazi. Vidole hupasua nywele, hubana yai la chawa, hulivuta hadi ncha ya unywele, kisha mdomoni. Anayeonyesha meno kimya kimya hacheki, anaogopa. Anayekukodolea huku kinywa kiko wazi na nyusi zimepanda anakutisha. Tazama chini, rudi nyuma taratibu. Usiwakazie macho, usiwaguse, usifungue chakula wala mfuko wa plastiki mbele yao. Fimbo za kujipigia picha zimekatazwa. Betri ya simu ikae mfuko wa ndani, kwani baridi huimaliza upesi.

Nyota moja naizuia kwa sababu ya chakula kile. Mwishoni mwa miaka ya 1950, ujenzi wa viwanja vya kuteleza kwenye theluji uliwafukuza kima milimani, wakavamia matofaa ya wakulima, na wakulima wakataka wauawe. Sogo Hara, mfanyakazi wa kampuni ya reli, aliwavuta bondeni kwa chakula, na bustani ikafunguliwa mwaka 1964. Iliwaokoa, sikatai. Ila kulisha huwazoesha wanyama kwa watu, na huongeza idadi yao. Njia hiyo hiyo ya Kijapani ilifika hadi kwetu: Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto aliwazoesha sokwe wa milima ya Mahale, Tanzania, kwa miwa katika miaka ya 1960, na mwaka 1987 ulishaji ukakomeshwa. Jigokudani bado unaendelea.

Spishi hii haimo hatarini kwa jumla, lakini nje ya bustani uhusiano ni mchungu, maana maelfu huuawa kila mwaka kwa kula mazao. Huko mkoa wa Chiba, mwaka 2017, bustani moja ya wanyama iliua kima 57 waliogundulika kuwa chotara wa kima wa Kijapani na spishi ngeni. Mabango ya bustanini yangeyasema haya waziwazi, kwa lugha zaidi ya moja, ningeiongeza nyota.

Ukiweza, kaa mpaka karibu na kufungwa. Punje zikiisha, jike mmoja huinuka na kushika njia ya mlimani, binti zake wakimfuata, na bwawa hubaki na mvuke peke yake.