Ukinunua spana Mombasa: nilivyozipanga, kuanzia ya kushika hadi ya kuacha

Spana ninayoitumia kuliko zote ni namba 13. Bolti ya milimita 8 kichwa chake ni 13, na pampu na jenereta ninazotengeneza zimejaa hizo. Mwaka jana nilinunua 13 mpya ya jina kubwa, jina ambalo marehemu babangu alikuwa akilitaja kama mtu anavyotaja ukoo wa heshima. Nikaenda nayo Mtwapa kufungua pampu ya kisima, bolti zimeshika kutu ya chumvi. Nikavuta. Haikukatika. Ilipanuka mdomo, ikazunguka juu ya kichwa cha bolti na kukila pembe zote sita, kikabaki duara kama kitumbua.

Dukani nikaambiwa waranti ni ya maisha, ila spana ipelekwe kwa wakala Nairobi pamoja na risiti na pakiti yake. Ni nani huyo anayeweka pakiti ya spana?

Zamani maneno hayo yalikuwa na uzito. Kule Marekani kulikuwa na Craftsman, jina lililoanzishwa na maduka ya Sears mwaka 1927. Spana yao ikivunjika uliirudisha dukani ukapewa nyingine papo hapo, risiti huulizwi. Hesabu kama hiyo hukubali tu ikiwa zinazorudi ni chache. Baadaye sehemu kubwa ya kazi ikahamia China, na mwaka 2017 jina likauzwa kwa Stanley Black & Decker. Mwaka 2019 hao wakatangaza kiwanda kipya Fort Worth, Texas, cha kutengeneza spana na soketi za Craftsman hukohuko Marekani. Mwaka 2023 wakatangaza kukifunga. Mwaka uleule wa 2017 walikuwa wamenunua pia kampuni ya zana ya Irwin, iliyokuwa imeshalimeza jina la Record, wale wa Sheffield, Uingereza, wenye majiliwa ya buluu. Kwa hiyo ukisimama mbele ya rafu ukiwaza uchukue jina lipi kati ya matatu, huenda yote yanaingia mfuko mmoja.

Basi mtumba wa zamani naupa nafasi ya kwanza, na wala sioni haya. Ukizunguka Kongowea na Mwembe Tayari utawakuta waliotandaza vyuma juu ya gunia. Tafuta Gedore, Stahlwille au Bahco. Kijana atakwambia, "Mzee, hiyo ni Mjerumani halisi, hupati tena." Mwitikie, kisha toa bolti mpya mfukoni (mimi hutembea nayo) uivalishe spana. Ikicheza hadi mkono uhisi, irudishe guniani. Chungulia ndani ya mdomo: kingo zikiwa zimeviringika, imeshachoka. Iweke juu ya meza au kioo cha simu uone kama shingo imejikunja, maana kuna mafundi waliozoea kupachika paipu ili waongeze nguvu. Kutu ya juu juu isikutishe, msasa na mafuta ya taa vitaitoa. Iliyochimba vishimo ndani ya mdomo ndiyo ya kukimbia.

Kuna mtego mmoja ulionikamata nikiwa mwanafunzi wa gereji. Baadhi ya spana za Kiingereza zimegongwa 1/4 W. Hiyo W ni Whitworth, kipimo cha kale cha Uingereza, na upana wake ni kama milimita 13.3. Inaingia kwenye 13 vizuri kabisa, unafurahi, kisha inakulia bolti.

Ukitaka mpya, anza na za Taiwan kama King Tony. Usikubali kuuziwa seti nzima. Nunua moja moja: 10, 13, 17 na 19, kwa sababu hizo ndizo utakazozichakaza, nyingine zitalala sandukuni.

Nafasi ya tatu ni Ingco na Total. Kwa mtu wa nyumbani, wa kukaza bomba la tangi na baiskeli ya mtoto, zinatosha, na ikiharibika duka ni lilelile unalolipita ukienda kununua mkate.

Majina makubwa mapya nayaweka ya nne. Bei ni ya juu na feki ni nyingi: herufi moja imebadilishwa, au chapa imepakwa rangi badala ya kugongwa kwenye chuma. Nawatoa Knipex tu, plaisi zao bado zinatoka Wuppertal na kampuni ingali ya familia. Fundi umeme anayezishika kutwa hatajuta.

Ya mwisho ni lile sanduku la vipande mia na ushei linalouzwa barabarani. Kila kipande kimeandikwa "Chrome Vanadium", jina la chuma kigumu cha spana. Kuandika hakugharimu kitu. Kromu yake ikishapigwa na upepo wa bahari huinuka kama gamba la samaki, na ukivuta kwa nguvu inakuchana kiganja.

Kuhusu waranti, ninayoiamini ni ya mwenye duka. Kabla sijalipa humuuliza, "Ikipanuka mdomo, utanibadilishia wewe mwenyewe?" Akikubali, namwomba aandike nyuma ya risiti. Majuzi mmoja alicheka, akaandika "mwezi mmoja, fundi asitie paipu", akapiga muhuri. Nimeipiga picha kwa simu pande zote mbili, maana maandishi ya mashine ya risiti hufutika kabla mwezi haujaisha.