Seti ya kutengeneza kilishio cha ndege: naipa nyota 3, chupa tupu naipa 5

Jamani hii seti nimekaa nayo miezi miwili sasa, kwa hiyo siandiki kwa ile furaha ya kufungua boksi, naandika baada ya mvua, paka na watoto wawili kuipitia. Ni ile ya mbao inayokuja vipande vipande, vibao sita, skrubu kwenye kipakiti, kamba na vikopo viwili vya rangi, unaijenga na mtoto kinatokea kijumba chenye paa na trei ya kuwekea mbegu. Boksi limeandikwa kuanzia miaka 5. Wangu mmoja ana 8 mwingine ana 5, nikasema hii imetufaa.

Mmh. Wa miaka 5 kazi yake ilikuwa kushika skrubu na kuongea kama chiriku. Matundu mawili ya paa hayakuendana na ya ukuta, yaani skrubu inaingia vizuri huku, upande wa pili inakutana na ubao mtupu, nikaishia kutafuta keekee nikatoboa mwenyewe huku watoto wameketi wananitazama kama TV. Maelekezo ni michoro tu hakuna hata neno moja, na mchoro wa hatua ya nne wameurudia kwenye hatua ya tano, kwa hiyo hatua ya tano mpaka leo ni siri yao. Kupaka rangi ndio walifurahia kweli, ila msiwaache wapake ndani ya trei maana ndege wanadonoa pale pale, sisi tulipaka nje tu tukaacha ikauka siku mbili mpaka harufu ikaisha.

Kilichoniudhi zaidi ni trei kutokuwa na tundu hata moja la kutolea maji. Yaani kitu cha kukaa nje! Mvua ya kwanza tu mbegu zikalowa, siku ya tatu nachungulia nakuta zimeshikana bonge moja na ukungu juu. Hili usilichukulie poa, mbegu zikishaota ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, ile ile inayoharibu nafaka zetu, na ndege inawadhuru vibaya. Nikamwaga zote, nikasugua trei kwa maji ya moto na sabuni, nikatoboa matundu manne chini. Sasa hivi naosha kila wiki na watoto wakishagusa kile kitu wananawa mikono bila kuambiwa (sawa, mkubwa bila kuambiwa, mdogo kwa kukimbizwa), kwa sababu ndege wengi wakila sehemu moja magonjwa kama salmonela yanapita kirahisi na yanaweza kumfika mtu pia.

Sasa wakati kijumba kinakauka mdogo akaanza kulia eti ndege watalala njaa, ndio nikachukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu tukaosha, nikatoboa upande mmoja tundu dogo na upande wa pili kubwa kidogo na chini kidogo, tukapitisha mwiko wa mbao katikati ukatokeza huku na huku. Mpini unakuwa sehemu ya kutua, kwenye ule upawa wenyewe mbegu zinamwagika kidogo kidogo ndege anakula kama amewekewa sahani. Tukajaza alizeti na mtama, kifuniko, kamba, kwisha. Dakika 20 hivi, na kila mtoto alikuwa na kazi ya kweli, mimi nilishika kisu tu.

Halafu tukasubiri. Na hapa ndio boksi linadanganya watu, maana picha yao inaonyesha watoto wanacheka na ndege watano juu ya paa. Sisi siku tisa hakuja mtu. Mkubwa akasema ndege hawapendi rangi ya zambarau, mdogo akapendekeza tumwage mkate chini, nikakataa kwa sababu mkate unawajaza tumbo bila lishe ya maana. Kumbe tumetundika mahali peupe mno, ndege hana pa kukimbilia. Nikasogeza mpaka kama mita mbili kutoka kwenye kichaka, karibu kiasi cha kurukia akishtuka, mbali kiasi kwamba paka hawezi kuvizia ndani ya majani akamrukia. Kesho yake asubuhi shomoro mmoja kwenye mwiko. Wa kijumba cha rangi wakaja wiki nzima baadaye, na mpaka leo wanapenda chupa.

Tangu hapo nimejifunza na mimi. Kuna kandege kembamba kanakuja kwenye kichaka kila siku na mbegu hakagusi, mdogo akasema kanaringa. Nikamletea koleo na kibanio cha nyusi nikamwambia pasua alizeti. Kwa koleo ikapasuka, kwa kibanio akahangaika mpaka akaitupa, kisha akaenda kuokota sisimizi mfu kwa kibanio kile kile akaweza. Basi. Sikuongeza neno, alikimbia mwenyewe kwenda kuangalia midomo, shomoro mnene na mfupi, yule mwingine kama sindano.

Mkubwa yeye alikaa kwenye kisahani cha maji tulichoweka chini (kina kifupi, sentimita chache tu, msiweke ndoo). Akaniita akasema njiwa anakunywa vibaya. Nikaenda kuangalia, kweli, shomoro anachota maji anainua kichwa yashuke, njiwa anazamisha mdomo anavuta tu kama ana mrija, hainui. Mimi nimewaona njiwa maisha yangu yote na sijawahi kuliona hilo aisee.

Seti ilikuja pia na kijitabu cha picha za ndege, wengi wao hatujawaona hata mmoja, kwa hiyo kimewekwa kando na watoto wana daftari lao. Kila asubuhi dakika kumi kabla ya shule wanachora na kuhesabu, majina wanatunga wenyewe. Kwa hiyo kama una hela ya seti nunua kwa ajili ya kupaka rangi na ujiandae na keekee, kama huna tafuta chupa na mwiko hujapungukiwa kitu. Kwetu saa hizi ugomvi ni mmoja tu: shomoro dume ana doa jeusi kooni, mdogo akasema amevaa tai, basi kwenye daftari kamuandika Tai, na mkubwa kila siku anakuja kunishtakia kwamba leo wamehesabiwa tai kumi na moja.