Kanisa la Minara Miwili, Unguja: usiishie kulipiga picha kwa nje

Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, la Wakatoliki, liko Shangani, Mji Mkongwe, ndani kidogo ukitokea barabara ya Kenyatta. Ukipotea vichochoroni ulizia Minara Miwili, hata mtoto atakupeleka.

Tulikuwa na kijana anayetembeza wageni, mchangamfu kweli, lakini alituambia kwamba soko la watumwa lilikuwa hapo. Sivyo. Soko lilikuwa Mkunazini, na kanisa lililojengwa pale baada ya soko kufungwa mwaka 1873 ni la Waanglikana. Nalisema hili kwa sababu wageni wengi huoneshwa la Mkunazini, kisha wakiliona la Shangani wanalipita wakidhani habari ni ileile. Si ileile hata kidogo.

Mapadre Wafaransa walifika Unguja mwaka 1860 wakitokea kisiwa cha Réunion. Miaka michache baadaye kazi ikashikwa na Shirika la Roho Mtakatifu, haohao waliovuka bahari mwaka 1868 kuanzisha misheni ya Bagamoyo. Minara Miwili waliijenga kati ya 1893 na 1898, na miaka hiyo mji haukuwa shwari. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zililipiga mizinga kasri la sultani, vita vikamalizika hata saa moja haijatimia. Mwaka uliofuata Sultani Hamoud akatoa amri ya kukomesha utumwa. Yote hayo yanatokea, kanisa bado linajengwa. Nilipokaa kwenye benchi nikawa nalifikiria jambo hilo, na kuta zile nikaziona kwa jicho jingine.

Ujenzi wenyewe ni wa mtindo wa Kiromaneski: matao ya nusu duara, kuta nzito, umbo lililotulia. Aliyezoea Mtakatifu Yosefu wa Dar es Salaam, lile la Wajerumani lililojengwa 1897 hadi 1902, ataona tofauti mara moja, maana la Dar ni la Kigothi na matao yake yamechongoka juu. Majina yao ni mamoja na umri wao unakaribiana, lakini ukiwa ndani ya kila moja moyo unatulia kwa namna yake. Mimi nalipenda zaidi hili la Unguja.

Vigae vya sakafu na vioo vya rangi vililetwa kutoka Ufaransa. Inama uvitazame vigae kwa karibu. Pale katikati, wanapopita watu kwenda kukomunika, nakshi zimefifia. Pembeni kando ya ukuta bado rangi imekolea. Jua likigonga vioo, wekundu na buluu vinamwagika juu ya vigae hivyo, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Kinachoniuma ni michoro ya ukutani. Ni matukio ya Agano la Kale, na mengine yamechakaa vibaya. Kuna sehemu zilizorudiwa kupakwa rangi kwa mkono mzito, hadi sura za watu zimepoteza uhai. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Michoro hii inastahili fundi aliyeisomea kazi hiyo, na mapema, kabla unyevu haujamaliza kilichobaki.

Kwa anayetaka kwenda: nje ya saa za misa mlango mkubwa mara nyingi hufungwa, hivyo zunguka nyuma uulizie njia ya uani. Vaa nguo za kufunika mabega na magoti, na simu izime. Bora zaidi uende kwenye misa ya Kiswahili, kwa sababu sauti za kwaya zikipanda kwenye yale matao utaelewa kwa nini walijenga juu vile. Picha ya minara yote miwili usihangaike nayo kichochoroni, nafasi haitoshi. Ipige ukiwa kwenye boti ya kutoka Dar, inapokaribia bandarini.

Kanisa hili nalipatia nyota nne kati ya tano. Ile moja naiweka akiba ya michoro.