Masta ya utawala wa umma nikiwa mtendaji wa kata Kigoma: uzoefu wangu

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, nasema mapema ili mwenye haraka aishie hapa. Mimi ni mtendaji wa kata huku Kigoma mwambao wa kaskazini, upande wa kuelekea Gombe, vijiji ambavyo usafiri wake ni boti za kutoka Kibirizi, ukiikosa boti basi siku yako imekwenda. Nimemaliza masta ya utawala wa umma, hii MPA, kwa ule mfumo wa kusoma huku uko kazini, yaani vipindi mtandaoni usiku na wikiendi, halafu mara chache unakwenda chuoni ana kwa ana na kufanya UE, mitihani ya mwisho wa semista. Chuo sikitaji maana kuna mambo nitayasema huko mbele na sitaki kesi na mtu, ila ni cha serikali na programu inatambulika TCU, yaani tume ya vyuo vikuu, na hilo la TCU kahakikishe mwenyewe kwa macho yako usikubali kuambiwa na mtu.

Kujiunga hakuna maajabu. Vyuo vingi ukiwa na GPA kuanzia 2.7 ya digrii ya kwanza wanakupokea, chini ya hapo watakwambia uanzie stashahada ya uzamili. Unaomba mtandaoni, unapewa kontro namba, unalipa, unasubiri. Ugumu uko kwa mwajiri, pale ndipo ujipange, kwa sababu kama haupo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri barua yako ya ruhusa itazunguka masijala mpaka semista inaanza, na ukiondoka bila barua huo ni utoro kazini, haijalishi unasoma nini.

Semista ya kwanza nusu niache. Ni nadharia tupu. Woodrow Wilson 1887 anasema siasa na utawala ni vitu viwili tofauti, Weber na urasimu wake, Taylor na usimamizi wake wa kisayansi, Gulick na POSDCORB yake ya 1937 (herufi za kazi saba za kiongozi), unakariri unatapika kwenye karatasi. Mtu umetoka kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba mlimani, miguu ina matope, unakaa na simu mtandao unakata kila dakika, na aliyeko upande wa pili anakusomea slaidi kama zilivyo. Hiyo nusu nyota niliyokata ya kwanza imeishia hapo.

Ila semista ya pili, jamani. Kulikuwa na kozi ya serikali za mitaa, mwalimu wake mzee mmoja anafundisha bila slaidi, na yule ndiye aliyefanya nisijutie hela yangu. Alianza na 1972, serikali ilivyozifuta halmashauri kwa jina la madaraka mikoani, wataalamu wakashushwa mikoani na wilayani ila vyombo vya kuchaguliwa na wananchi vikaondoka, hali ikaharibika mpaka ikabidi zitungwe sheria 1982, Na. 7 ya mamlaka za wilaya na Na. 8 ya mamlaka za miji, halmashauri zikarudi kazini 1984. Halafu 1997 ikaja sheria Na. 19 ya tawala za mikoa. Akachora ubaoni mistari miwili inashuka kutoka juu, mmoja wa mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, afisa tarafa, mwingine wa halmashauri na mkurugenzi, akauliza darasani, haya mtendaji wa kata nimuweke wapi?

Kimya. Tulikuwa watendaji kadhaa mle ndani na hakuna aliyejibu. Mama mmoja afisa utumishi kutoka Kaliua ndiye aliyesema, "Mwalimu, huyo ni mke wa waume watatu," darasa likaangua kicheko mimi nacheka kwa uchungu. Kwa sababu ndiyo maisha yangu hayo. Mkurugenzi ndiye bosi wangu, anataka makusanyo. Afisa tarafa anapiga simu anataka taarifa ya usalama na wahamiaji, huku mpakani hilo haliishi. Mheshimiwa diwani ni mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata (WDC) na mimi ndiye katibu wake, anataka muhtasari usomeke vizuri. Wote watatu siku moja, na kila mmoja anaona wenzake wanakupotezea muda. Miaka yote nilidhani ni mimi sijui kujipanga, kumbe mfumo wenyewe ulijengwa hivyo, na kila mstari una historia yake na sheria yake. Tangu hapo nikipigiwa simu mbili zinazogongana siropoki tena, nauliza agizo hili linatoka kwenye kifungu gani na nani amenakiliwa. Kuna mkubwa mmoja hakulipenda hilo swali, lakini alileta maandishi.

Kitu kingine kilichonifungua macho ni hii habari ya wakala za serikali. Mwaka 1991 msomi wa utawala Christopher Hood alieleza mwelekeo mpya wa kuendesha serikali kwa mtindo wa sekta binafsi, kazi zinakatwa vipande, kila kipande kinapewa taasisi yake na malengo yake. Sisi tukatunga sheria ya wakala 1997. Sasa nihamishie kijijini. Barabara za vijijini ziko TARURA tangu 2017, maji vijijini yako RUWASA tangu 2019, lakini daraja la miti likisombwa na mvua mwananchi hamjui meneja wa TARURA, anakuja ofisini kwangu anagonga meza. Na ana haki, mimi ndiye serikali anayoiona. Zamani nilikuwa najibu "hilo siyo letu" na mtu anaondoka amenuna, siku hizi naandika barua, nampa nakala yenye muhuri, namwambia ofisi ilipo, na barua nyingine inaingia kwenye ajenda ya WDC ili meneja aitwe. Hajawahi kuja mwenyewe bado ila anatuma mtu, ni hatua.

Asaimenti za kikundi sina hamu nazo. Watu kumi, wanafanya wawili, wengine unawaona kwenye grupu usiku wa kukusanya wanaandika "naomba jina langu lisisahaulike". Pia bando ni gharama ambayo hakuna aliyeniambia mapema, na ukiwa mwambao ujiandae kupanda mahali penye minara, kuna jiwe juu ya shule ya msingi tunaliita ofisi ndogo, hapo ndipo nilipofanyia majaribio yangu ya mtandaoni na hapo hapo ndipo najazia PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa sisi watumishi.

Sasa disertesheni, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama, wanabaki wamemaliza kozi zote na masta hawana. Mada yangu ilikuwa kusomwa kwa mapato na matumizi kwenye mkutano wa kijiji, ambao unatakiwa kila miezi mitatu. Nilitaka nifanye kwenye kata yangu, watu nawajua, boti sina haja. Supavaiza akakataa, akasema wewe ni mtendaji wao, nani atakwambia mkutano haujafanyika mwaka mzima wakati mwenye kalamu ni wewe? Nilikasirika siku ile lakini alikuwa sahihi kabisa. Nikahamia kata za jirani. Barua ya chuo inakwenda kwa katibu tawala wa mkoa, ya mkoa inakwenda halmashauri, ya halmashauri unaishika mkononi ndiyo unaingia kijijini, usiruke hata moja.

Sampo, yaani idadi ya watu wa kuhoji, kila mtu anatumia fomyula ya Yamane, ukiwa na kaya 400 na kosa la asilimia 5 inakuja 200, safi. Ambacho kitabu hakisemi ni kwamba hao 200 huku ni wavuvi wa dagaa. Kipindi cha giza wako ziwani usiku kucha na taa zao, mchana wamelala, ukimuamsha mtu na dodoso la kurasa sita atakujibu "ndiyo" kila swali ili uondoke. Subiri mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa hawaendi, utawakuta ufukweni wanashona nyavu na kupaka boti lami, mikono ina kazi ila midomo ina nafasi, hapo unapata majibu mpaka yale ambayo hukuuliza. Mzee mmoja aliniambia mapato husomwa vizuri sana, shida ni kwamba husomwa saa nne asubuhi kipindi cha giza, wanaobaki kusikiliza ni wenyeviti na mbuzi. Hiyo ikawa nusu ya sura yangu ya nne.

Kero kubwa: supavaiza mzuri wa mawazo lakini wa kupotea. Unatuma sura, kimya, unapiga, haipokelewi, miezi inakwenda, baadaye anakurudishia na maoni mazuri kweli kweli kama vile umetuma jana. Wakati huo ada ya kuongeza muda inahesabika kwako siyo kwake. Nililalamika kwa kurugenzi ya uzamili kwa maandishi, wakanijibu kwa upole, hakuna kilichobadilika. Nusu nyota nyingine imekwenda. Kuna wenzangu waliwapa vijana wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, wawafanyie SPSS (programu ya takwimu) na uchambuzi wote, siku ya vaiva, ile ya kutetea disertesheni kwa mdomo, wakaulizwa hiyo namba kwenye jedwali maana yake nini, wakatoa macho. Mimi siwatetei. Data ya kwako ukiijua mwenyewe hakuna atakayekuzungusha.

Nyota nusu ya mwisho ni ya mshahara, ingawa hilo si kosa la chuo. Wengi wanasoma wakidhani cheti kikifika tu cheo kinapanda. Hapana. Kwa kada yangu muundo wa utumishi hauongezi kitu kwa sababu ya masta, afisa utumishi alinieleza vizuri kabla sijalipa, inaingia kwenye faili, itakusaidia zikitokea nafasi za uteuzi au ukiomba kuhama kada, basi. Na ada peke yake kwangu ilikaribia milioni tano, weka nauli, basi la kulala kwenye siti, gesti karibu na chuo, kuchapa na kubaindi. Kama una mkopo wa benki unaokata mshahara mpaka theluthi, subiri uishe kwanza.

Ningemshauri nani asome? Mtendaji, afisa maendeleo, afisa mipango, mtu anayekaa katikati ya amri zinazogongana, huyu atakula faida yake. Mwenye digrii aliyetoka chuo jana na hajakaa ofisini, atakariri Weber na kuondoka. Kwa vyuo, vinavyotoa ni vingi, wapo UDSM, UDOM, wapo Mzumbe ambao historia yao yenyewe inaanzia 1953 kama shule ya kufundishia watu wa serikali za mitaa, na Chuo Kikuu Huria wana kituo Kigoma hapa mjini na Tabora pia. Linganisha ada na uulize swali moja tu, kwa wastani mwanafunzi wenu wa masta anakaa muda gani kati ya proposo na vaiva, wakianza kuzunguka umepata jibu. Jamaa wa Tabora mnaoniuliza inboksi kama lazima msafiri mbali: anzeni hapo kituo cha Huria, mkaulize mitihani inafanyikia wapi, kabla hamjakata tiketi ya kwenda kokote.