Kuvuka kwa miguu hadi Lindisfarne wakati wa bamvua: nyota nne

Nimezaliwa Jambiani, pwani ya Zanzibar, na kabla sijajua kusoma saa nilishajua maji yanatoka lini. Kwa hiyo wenzangu wa kazini hapa kaskazini mwa Uingereza waliponiambia kuna kisiwa unakiendea kwa miguu maji yakipwa, nikaona ni matembezi tu, kama kumfuata mama kwenye mwani. Kulipa pauni 20 za kiongozi nililipa shingo upande. Leo nasema pesa hiyo imekwenda mahali pake, ila si kwa sababu niliyoidhania.

Lindisfarne iko Northumberland, na wakaazi wake hawafiki 200. Tangu 1954 ipo barabara ya magari, nayo bahari huifunika mara mbili kwa siku. Sisi tulipita njia ya zamani ya mahujaji: kama kilomita 5 za mchanga na tope, imesimikwa miti mirefu mstari mmoja mpaka ng'ambo. Siku isiyo na ukungu kupotea ni kazi. Kiongozi unamlipa kwa kujua saa ya kuvuka.

Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea, na mimi ningekosea pamoja na ujuaji wangu wote. Halmashauri hutoa jedwali la saa salama za kuvuka, lakini jedwali lile ni la magari kwenye lami. Mwenda kwa miguu anatakiwa aanze maji yakiwa bado yanatoka, na yakigeuka awe ameshafika au amebakiza kidogo. Ukiingia mchangani saa za mwishoni kwa kuwa karatasi inasema bado salama, utakutwa katikati. Na maji ya pale hayakujii usoni ukayaona. Yanajaza kwanza vijito ulivyokwisha kuviruka, wewe unatazama mbele. Njiani kuna vibanda viwili vya kujiokolea vilivyosimama juu ya nguzo, na ngazi yake, kama dungu la kulindia mpunga. Nilipanda kimoja kuchungulia. Kulala humo na ule upepo, hapana.

Tulianza saa moja na nusu asubuhi, mwishoni mwa Septemba, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Bamvua hasa, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine. Kupwa kabisa kulikuwa saa tatu. Kabla ya kuondoka kiongozi alitusimamisha kwenye baridi kama dakika ishirini akitufundisha mwezi unavyovuta bahari, kwa kutumia machungwa mawili. Mtu mzuri, lakini vidole vilishakufa ganzi.

Sasa viatu. Barua ya maelekezo ilituambia tuvae mabuti ya mpira, nami nikanunua mapya. Robo saa tu tope likanivua la kushoto, nikabaki nimesimama mguu mmoja kama korongo. Tope la kule ni jeusi, na linanuka vile vile kama mikokoni kwetu, jambo ambalo lilinigusa kuliko nilivyotarajia. Mama mmoja wa makamo katika kundi, aliyekwisha kuvuka mara kadhaa, alikuwa pekupeku tangu mwanzo na akinitazama kwa huruma. Nikavua la pili, nikayafunga shingoni. Baridi inauma dakika kumi za mwanzo, kisha miguu inakubali. Mchanga una mistari migumu ya mawimbi inayokanda nyayo, na vijilima vya minyoo ile ya chambo kila hatua. Hakuna mwamba, hakuna miba ya baharini. Kwa mtu aliyezoea kutembea juu ya matumbawe kule kwetu, hiyo ni zulia.

Katikati kiongozi alituomba tunyamaze. Kwa mbali, kwenye fungu la mchanga, sili, wale wanyama wa baharini wenye mapezi wanaopanda mchangani kupumzika, walikuwa wanalia, sauti ndefu kama watu wanaoomboleza nyumba ya pili. Hakuna aliyesema kitu mpaka tuliposogea.

Kisiwani tulifika kabla ya saa nne. Kuna magofu ya nyumba ya watawa. Mtawa Aidan alifika huko 635 akitokea Iona, kisiwa cha Scotland, na Waviking, wale wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, wakapavamia 793. Mimi si wa dini hiyo, nilizunguka kwa heshima, nikatafuta chai. Usikae sana, kwa sababu barabara nayo inafungwa.

Nyota moja nimeikata kwa yale mabuti, na kwa kuwa gari la kuturudisha lilikuwa malipo mbali, jambo ambalo hatukuambiwa mapema. Pia jueni kwamba kwa muda wa saa moja na nusu hakuna choo wala kichaka, na uwanda wote unaonekana.

Nilimtumia mama picha. Akauliza pweza tumepata wangapi.

Mabuti nayauza. Namba 41, yamevaliwa robo saa.