Pete ya almasi Mwanza: ipi itashika kito chake?

Pete ya mbano inavutia macho. Almasi imeshikwa na ncha mbili tu za metali, chini wazi, juu wazi, na mwanga unapita kila upande. Kampuni ya Niessing ya Ujerumani ndiyo iliyoutoa mtindo huu mwaka 1979, na swali la wanunuzi tangu hapo ni moja: kito hakitadondoka?

Kama ni mbano halisi, si rahisi. Metali yake ni ngumu na ina nguvu ya kujirudisha kama springi, na kila ncha imechongwa mfereji mwembamba unaopokea ukingo wa almasi. Almasi inahimili shinikizo hilo. Tanzanaiti haihimili, ni laini zaidi na hupasuka kirahisi, kwa hiyo wanaotaka pete ya mbano yenye kito cha Mirerani waachane na wazo hilo.

Hata hivyo, kwa mtu wa Mwanza mimi naiweka nafasi ya tatu kati ya namna nne za kushika kito.

Ya kwanza ni pete ambayo kito kimezungushiwa ukingo wa dhahabu. Haina uzuri wa kushangaza, lakini anayeshinda Mwaloni Kirumba na magunia ya dagaa, au anayefua kwa mkono, hatakuwa na makucha, yaani vijiti vya metali vinavyoshika kito, ya kunasa kwenye nyavu na nguo. Ya pili ni ya makucha sita: moja likilegea, matano yanashika. Pitisha pamba juu yake. Ikinasa, kuna kucha limeinuka.

Mbano halisi imeshuka kwa sababu ya matengenezo. Kidole kikinenepa, tuseme wakati wa ujauzito, sonara wa kawaida atataka kuikata pete, kuongeza kipande na kuichomelea kwa moto wa gesi. Moto huo unaweza kulegeza metali, na nguvu ya kubana ndiyo iliyokuwa inashika kito. Kazi hiyo ni ya mtengenezaji mwenyewe, na hata yeye huongeza kidogo tu. Kuwa jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui hakukupi fundi wa namna hiyo! Tena pembeni almasi iko wazi: ukiigonga vibaya kwenye mlango wa daladala, ukingo wake unaweza kumeguka, maana ugumu wa almasi hauzuii kupasuka.

Ya nne ni mbano ya kuiga. Igeuze uitazame kwa lenzi. Utaona kidaraja kidogo kinachobeba kito kwa chini. Si dhambi, na sonara huiweza zaidi, mradi usiuziwe kwa bei ya mbano halisi.

Usinunue kabisa mbano ya dhahabu ya karati 22, yenye muhuri wa 916, hata kama imetoka kwenye bangili ya bibi. Ni laini mno kuendelea kubana. Tafuta dhahabu yenye muhuri wa 750 (karati 18) au 585 (karati 14) iliyokazwa kwa kazi hii, au platini iliyotengenezwa mahususi, au titani, ambayo kuipanua ni shida kubwa zaidi.

Kabla ya kulipa, itikise pete karibu na sikio. Ukisikia mlio, irudishe. Kisha mwombe muuzaji aandike kwenye risiti aina ya metali, jina la mtengenezaji, na nani atagharamia kuisafirisha kwake ikihitaji kupanuliwa.